"Inalia juu iko nzima"

Nyota moja, na hiyo nimetoa kwa huruma. Dola 35 niliziacha katika duka la vifaa vya umeme huko Birere, hapa Goma, nikarudi kwetu mtaa wa Himbi na kidude cheupe cha kusikia gesi ya sumu, ambacho kwa siku nne kimetulilia kama kifaranga kilichopoteza mama. Pii. Unahesabu kama 30. Pii. Usiku ndiyo kabisa.

Aliyenituma ni shemeji yangu. Yuko Massachusetts miaka mingi, anataka kununua nyumba yetu ya familia, na amezoea ya kule: mtu hauzi nyumba mpaka wazimamoto wa mji waje, wakague vidude vya moshi na vya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu inayotoka kwenye moto, watoe cheti. Vya kaboni vililetwa na Sheria ya Nicole, jina la msichana wa miaka 7 aliyekufa mwaka 2005, theluji ilipoziba bomba la mashine ya kupasha nyumba joto. Nilicheka. Hapa anayetaka parsele, yaani kiwanja, anauliza karatasi, maji, na kama lava ya volkano ya 2002 ilipita. Theluji gani Himbi? Lakini shemeji ni shemeji, na dola ziko kwake.

Sasa huyo kijana wa duka. "Mama, hii inasikia moshi, inasikia gesi, hata mazuku inasikia." Ningeondoka hapo hapo. Mtu wa Goma kunidanganya mimi juu ya mazuku! Mazuku ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inalala penye mashimo. Ndiyo maana inaangusha mbuzi na mtoto kabla ya mtu mzima. Kidude cha kaboni monoksidi hakiisikii hata ukikizika humo. Niliyajua yote hayo nikiwa nimesimama pale, na bado nikalipa, maana motari alikuwa ananipigia honi.

Betri nimebadilisha mara tatu. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyekigeuza: nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kimetengenezwa 2011. Vitu hivi vina umri wake, miaka 5, 7, vingine 10, halafu vinakwisha hata kama havijatoka kwenye karatasi yake. Ile pii moja moja ni kuaga. Gesi yenyewe ikiwapo, kinapiga mara nne mfululizo, kinanyamaza kidogo, mara nne tena.

Nikakirudisha. Duka limejaa watu. "Mama, inalia juu iko nzima. Ingekuwa imekufa, ingelia na nini?" Wakacheka wote, hata yule mzee aliyekuja kununua balbu. Pesa hakurudisha. Alinipa soda. Soda! Nikainywa, ndiyo, nilikuwa na kiu, lakini kidude nilikiacha juu ya meza yake kikilia, na betri yangu mpya ndani.

Nikipoa hasira naona kidude chenyewe hakikuniongopea. Kilisema ukweli kila nusu dakika, mimi ndiye sikujua lugha yake. Basi nyota moja ni ya kijana, kidude nakipa mbili.

Na ngoja, kuna jingine. Shemeji alituma kipya kwa mtu aliyekuwa anakuja, nikakitundika koridoni ili anyamaze. Mvua ikanyesha ile ya kwetu, mama mdogo akaingiza mbabula, lile jiko la makaa, kutoka barazani, makaa bado mekundu, akafunga mlango ili watoto wasione baridi. Tumefanya hivyo tangu utoto wangu. Saa nne usiku: mara nne, kimya, mara nne. Tulitoka wote mvuani na mablanketi. Kile kichwa kinachotuuma kila msimu wa mvua, tulichokuwa tunakinywea dawa ya malaria, sasa sijui nikiite nini. Kwa hicho natoa nyota tano, na kama kingekuwa kile cha Birere usiku huo... nyota moja imekuwa nyingi. Naiondoa.

Juzi nimepita mbele ya lile duka. Pii. Nikasimama, nikahesabu. Pii. Kiko kwenye rafu ya mbele, kimefutwa vumbi, na kijana anamwambia baba mmoja kuwa ni dola 45.