Kitaa cha bluu hakiwaki, muuzaji anasema gari ndiyo mbovu

Naandika nikiwa bado na hasira kwa sababu najijua, nikishapoa nitaanza kusema aah zile balbu za LED nilizonunulia gari si mbaya sana, na kweli si mbaya sana, ila yule muuzaji!

Iko hivi. Nilitoa balbu za halojeni, H4, zile za pini tatu zenye dimu na fulu ndani ya balbu moja, nikaweka LED zenye feni mgongoni. Boksi linasema unachomeka tu unaondoka, hakuna kukata waya. Usiku nikawasha, mwanga mweupeee, roho kwatu. Nikapiga fulu, barabara ikaonekana mpaka huko mwisho, lakini kile kitaa cha bluu kwenye dashibodi cha kukuonyesha fulu imewaka, kimya. Nikarudisha dimu, nikapiga fulu tena, kimya. Yaani naendesha sijui kama nawaumiza watu macho mpaka wao wanipigie taa. Mtu atasema si uangalie mbele utajua, haya, jaribu kwenye barabara yenye taa zake halafu uniambie.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu kabisa, salamu, picha, kila kitu. Jibu lake: "Gari lako lina shida ya waya." Nikamwambia kaka, nikirudisha halojeni kitaa kinawaka palepale, nikamtumia na video. Akasema wateja wake wote wanazitumia na hajalalamika mtu ila mimi, nipeleke gari kwa fundi "anayejua". Hilo ndilo lilinipandisha presha. Anayejua!

Haya, nikaenda kwa anayejua. Fundi umeme hata boneti hakufungua, akauliza tu, gari ya Mjapani? Akacheka. Kumbe kwenye gari nyingi za Kijapani swichi ya taa haikati chanya, inakata hasi. Ukiwasha taa chanya inakaa pale kwenye soketi muda wote, halafu dimu au fulu inachaguliwa kwa kupewa hasi. Kitaa cha bluu kimeungwa kwenye waya wa dimu, kwa hiyo ukipiga fulu chenyewe kinapata chanya kwa kupitia nyuzi ya dimu iliyozimwa, ule uzi wa ndani ya balbu unaowaka. Halojeni ni nyuzi tupu, umeme unapita bila shida. LED ina saketi yake, inaziba njia, kitaa kinakosa umeme. Gari haina ubovu wowote! Maelezo ya dakika mbili, na mtu anayeuza taa za magari hayajui, au anayajua kanyamaza, sijui lipi baya zaidi.

Fundi akaona na jingine, chipu, vile vidude vinavyotoa mwanga kwenye LED, zimekaa zinaangalia juu na chini, akazungusha kola, ile pete inayoshika balbu, ziangalie kushoto na kulia, ule mstari wa mwanga ukutani ukanyooka na watu wakapunguza kunipigia taa. Kwenye karatasi ya maelekezo hilo halimo, kuna mchoro wa feni tu. Akapima na volti kwenye soketi bila kuombwa, akasema wengi wanakimbilia LED kumbe waya zao zimechoka, volti zikishuka asilimia 10 tu halojeni inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga wake, hapo relei, ile swichi inayopeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye taa, na waya mnene vinatosha. Za kwangu zilikuwa sawa. Redio inakwaruza nikiwasha taa, hiyo nimeamua kutoizungumzia.

Dawa ya kitaa ni dekoda, kiboksi kinachokaa kati ya soketi na balbu kuupa umeme njia. Nimeweka kwa hela yangu, bluu imerudi. Kinachemka hicho kidude, tumekifunga kwenye chuma mbali na plastiki.

Sasa nyota ngapi? Mwanga peke yake ningeupa nne. Nilishaandika tatu hapa, nimetulia, nikamtumia muuzaji picha ya dekoda ili naye ajue asije kumsumbua mwingine. Amejibu sasa hivi: "Hizo tunazo boss, ukitaka nyingine nakupunguzia." Anazo! Zimo dukani kwake siku zote na mimi gari langu bovu!

Moja. Na hiyo moja ni ya feni.