Meli ya kitalii: huduma ningeilipia tena, kifurushi cha vinywaji sitaki kukisikia

Kabla mtu wa Nairobi hajalipia wiki nzima melini, swali lake huwa moja: huduma na chakula vinalingana na hizo pesa? Kwa huduma nasema ndiyo, bila kusita. Kwa chakula inategemea unakula wapi: ukumbi mkuu wa kulia unastahili, bafe ni ya wastani, na vingi vya kulipia kando havistahili. Nazungumzia meli kubwa za kawaida, za Royal Caribbean, MSC, Carnival na Norwegian, zinazobeba maelfu ya abiria kwa mpigo.

Tuanze na hesabu, maana bei ya tangazo na bei utakayolipa ni vitu viwili. Chukua mfano wa watu wawili, chumba cha ndani kisicho na dirisha, siku saba, tiketi dola 900 kila mmoja pamoja na ada za bandari. Hizo ni dola 1,800, kama shilingi 234,000 ukihesabu dola kwa 130. Sasa ongeza. Bakshishi inayokatwa yenyewe kwenye meli za Kimarekani hucheza kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa siku, na mtoto naye huhesabiwa. Ukishika 18.50, wawili kwa wiki ni dola 259. Kifurushi cha vinywaji (unalipia siku nzima badala ya kulipa kila glasi) cha dola 80 kwa siku huongezewa asilimia 18 ya huduma na kuwa 94.40, wawili kwa wiki, dola 1,321.60. Intaneti ya dola 25 kwa siku kwa simu moja, dola 175. Chakula cha jioni mara moja kwenye mkahawa wa steki, dola 60 kwa kila mtu pamoja na ile asilimia 18, dola 141.60 kwa wawili. Jumla ya nyongeza ni dola 1,897.20, karibu shilingi 247,000. Nyongeza zimeipita tiketi, na bado hujanunua hata kofia. Anayelalamika kwamba meli ni ghali mara nyingi analalamikia nusu hii ya pili, ambayo ukitoa bakshishi, yote ingeweza kuachwa.

Kifurushi cha vinywaji ndicho kinachoumiza zaidi. Bia melini ikiuzwa dola 8.50, na asilimia 18 juu yake, inakuwa dola 10 na senti. Ili 94.40 irudi, kila mmoja wenu lazima anywe bia tisa hadi kumi kila siku, hata siku ambayo mmeshuka bandarini tangu asubuhi na mnakunywa za nchi kavu. Na huwezi kununulia mmoja tu: kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, ili mmoja asichote kwa niaba ya mwenzake. Kama mmoja wenu hanywi pombe, hesabu imekufa hapo hapo. Nunua kinywaji kimoja kimoja. Kampuni kadhaa huruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya divai ya mililita 750 siku ya kwanza. Soma masharti yako, maana nyingine huikataa kabisa. Maji ya bomba ya melini yanatengenezwa kwa kuchujwa kutoka baharini au kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke, na ni salama. Beba chupa yako, uache kununua maji ya plastiki.

Kuhusu huduma sina mengi ya kulalamikia. Mhudumu mmoja wa chumba hushughulikia vyumba kama kumi na tano hadi ishirini, na bado vitanda hutandikwa, taulo hubadilishwa, na jina lako linajulikana kufikia siku ya pili. Kitu kimoja kimepungua tangu korona: zamani chumba kilisafishwa asubuhi na jioni, siku hizi kampuni kadhaa zimebakiza mara moja kwa siku kwa vyumba vya kawaida. Mwambie mhudumu mapema, siku ile ile ya kupanda, kama unataka asubuhi au jioni. Mwambie pia mambo mengine yote kwa wakati mmoja: vitanda vitenganishwe au viunganishwe, barafu kila jioni, mto wa ziada, vinywaji vya kuuza viondolewe kwenye friji ili upate nafasi ya dawa au maziwa ya mtoto. Ukidondosha ombi moja leo na jingine kesho, kati ya vyumba ishirini, la pili husahaulika.

Hiyo bakshishi unaweza kwenda dawati la wageni ikaondolewa. Usiifanye. Hugawanywa kati ya wahudumu wa chumba, wa mezani na wengine ambao hutawaona, watu wa Ufilipino, India, Indonesia na Wakenya pia, walio kwenye mkataba wa miezi sita hadi tisa bila siku kamili ya mapumziko. Ukitaka kupunguza gharama, kuna pa kupunguzia kwingine.

Sasa meza. Kwenye ukumbi mkuu utaombwa kuchagua kati ya saa maalumu (kwa kawaida karibu saa kumi na moja na nusu jioni, au karibu saa mbili na nusu usiku) na saa huria. Chagua saa maalumu. Ukiwa na saa maalumu unakaa meza ile ile na wahudumu wale wale wiki nzima. Kufikia usiku wa tatu wanajua hutaki nyama ya nguruwe, unataka pilipili, na mtoto wako anakula wali mtupu. Ukiwa na saa huria, kila usiku unaanza na mtu mpya, na kati ya saa moja na saa mbili usiku unapanga foleni mlangoni. Ubora wa huduma unaosifiwa melini karibu wote unatokana na kufahamiana huku, na wenye saa huria huukosa bila kujua wamekosa nini.

Vyakula vyenyewe, lazima uelewe jinsi vinavyopikwa. Jikoni za meli hutumia umeme, si gesi wala makaa, kwa sababu ya hofu ya moto. Kwa hiyo mtu aliyezoea nyama choma ya Kenyatta Market asitegemee ladha ya moshi. Pili, sahani mia kadhaa hutoka kwa nusu saa. Nyama hukaangwa juu juu mapema, humaliziwa kwenye oveni, kisha hupakuliwa na kufunikwa, na mhudumu hubeba sahani kama kumi kwenye sinia moja la begani. Steki uliyoagiza iliyoiva nusu huendelea kuiva chini ya kifuniko na kufika imeiva yote. Hilo si kosa la mpishi wako, ni matokeo ya mpangilio. Agiza iive pungufu kidogo kuliko unavyopenda, au agiza kitu kinachostahimili kusubiri: supu, nyama ya kuchemshwa taratibu, mguu wa kondoo, kari, pasta yenye mchuzi mzito. Samaki mwembamba na kifua cha kuku huteseka zaidi. Vyakula vya kuanzia na vitamu vya mwisho huwa bora kuliko sahani kuu, na hakuna atakayekushangaa ukiagiza viwili vya kuanzia. Sahani kuu ndiyo yenye mipaka: kwenye kampuni kadhaa siku hizi sahani kuu ya tatu inalipiwa, na usiku wa kambakoche unapata mmoja, wa pili ni kwa pesa.

Kama unakula halali au hauli nyama, sema wakati wa kulipia safari, si ukishapanda. Meli nyingi zina wapishi wa Kihindi, na sahani ya mboga ya Kihindi hupatikana karibu kila usiku hata isipoandikwa kwenye menyu. Wasomaji wa Parklands, mtaa wa Nairobi wenye Wahindi wengi, wataniunga mkono kwamba mara nyingi ndiyo iliyokolea kuliko zote ukumbini. Halali ni ngumu kidogo. Nyama yenyewe huweza kuwa na cheti, lakini sufuria na mafuta ni ya wote. Muulize msimamizi wa ukumbi usiku wa kwanza, akuletee menyu ya kesho yake, uagize mapema. Agizo la siku moja kabla hupikwa peke yake. La papo hapo huchotwa kutoka kwenye lile sufuria la wote.

Bafe ni ya asubuhi na mchana, na hata hapo kwa tahadhari. Mayai ya kuvurugwa hutoka kwenye mayai ya maji ya pakiti na ladha yake ni ya pakiti. Ukitaka yai la kweli, panga foleni ya anayekaanga mbele yako, au nenda ukumbi mkuu ambako kifungua kinywa ni bure vilevile na foleni hakuna. Kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi bafe hujaa kama stendi ya Machakos siku ya kuamkia Krismasi. Siku ya kupanda, kila mtu hukimbilia huko saa sita mchana na mizigo mikononi. Uliza kama ukumbi mkuu umefunguliwa.

Usafi wa vyakula usikutie wasiwasi, angalau kwa meli zinazoingia bandari za Marekani. Wakaguzi wa afya wa huko hupanda bila taarifa na kutoa alama juu ya 100, na meli yenye 85 au chini imeanguka. Chakula cha moto kinatakiwa kikae nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, cha baridi 5 au chini. Hatari iliyobaki ni virusi vya norovirus, vya kutapisha na kuharisha, ambavyo hupita kwa mikono ya abiria wenyewe kwenye vijiko vya bafe. Dawa ya kupaka mikono haiviui vizuri. Nawa kwa sabuni.

Chai ndiyo huzuni ya safari. Kuna maji ya moto, pakiti za majani na vikopo vya maziwa, bure saa zote, lakini chai ya kupikwa na maziwa haipo. Birika la umeme ukilibeba litachukuliwa mlangoni kwenye meli nyingi, kwa sababu ile ile ya moto. Beba majani ya Kericho na unga wa tangawizi, chukua kikombe cha maziwa ya moto kwa anayetengeneza kahawa, na ujitengenezee thamosi. Ugali usiuulize.

Mikahawa ya kulipia naipitia upesi. Steki ya huko ni nzuri kweli, kwa kuwa inapikiwa watu wachache kwa mpigo, lakini dola 70 na ushee ni zaidi ya shilingi 9,000 kwa kichwa, na kwa hizo Westlands utakula vizuri na chenji ibaki. Ukiitaka, nenda mchana siku ya baharini, meli isipotia nanga popote, bei inaposhuka, au usiku wa kwanza wengi wanapokuwa hawajatulia, na hapo mara nyingi kuna punguzo. Kuletewa chakula chumbani nako kunalipiwa kwenye kampuni nyingi, isipokuwa kifungua kinywa chepesi cha mkate na kahawa.

Kuna meli zinazoweka kila kitu ndani ya tiketi. Regent na Silversea zinajumuisha vinywaji na bakshishi. Viking hutoa divai na bia wakati wa chakula pamoja na intaneti. Tiketi yake inatisha, lakini mnywaji atoe kwanza zile dola 1,897 ndipo alinganishe.

Mambo ya kuondokea Nairobi hubadilisha hesabu kuliko chakula. Meli zinazotia nanga Mombasa mara nyingi zinapita tu, kwa hiyo unalazimika kuifuata meli kwa ndege. Rahisi zaidi ni Durban, ambako MSC huweka meli wakati wa kiangazi cha kusini, takriban Novemba hadi Machi: tangu Januari 2023 Mkenya hahitaji viza ya Afrika Kusini kwa siku 90 kwa mwaka, lakini kadi ya homa ya manjano wataiangalia. Mediterania inahitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), euro 90, na ikiwa meli inatia nanga Uturuki au Tunisia omba ya kuingia mara nyingi, kwani kutoka kwenye eneo hilo kwa meli kunaimaliza viza ya mara moja na hutaruhusiwa kurudi. Fika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haikungojei.

Kadi ya benki ndiyo ya mwisho kuangalia na ya kwanza kuleta kelele. Meli huzuia kiasi cha pesa kwenye kadi yako mapema, na kwa kadi ya akaunti ya kawaida pesa hizo huweza kukaa zimefungwa siku kadhaa baada ya kushuka. Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa haina plastiki ya kupitisha kwenye mashine, kwa hiyo usiitegemee. Weka amana ya fedha taslimu dawatini kama huna kadi ya mkopo. Wakikuuliza ulipe kwa shilingi au dola, sema dola. Simu iweke kwenye hali ya ndege kabla meli haijaacha gati, kwa sababu mtandao wa setilaiti wa melini kwa kawaida haumo kwenye vifurushi vya kutumia simu nje ya nchi. Na bili iangalie kila jioni kwenye programu ya meli au televisheni ya chumbani: usiku wa mwisho foleni ya dawati la wageni huzunguka ukumbi, na bia usiyoinywa ni rahisi kuikana siku ile ile kuliko siku ya saba.