Matandazo, mboji, kokoto au udongo: kipi kitangulie kununuliwa kwa bustani ya nyumbani

Mtu akiamua kutengeneza bustani ya nyumbani, kitu cha kwanza kumjia akilini ni lori la udongo mweusi. Katika mpangilio wangu udongo unashika mkia. Si kwamba hauna kazi, bali hakuna bidhaa ya bustani ambayo ni rahisi kuuziwa mbovu kama hiyo, na ukishamwagwa na kusambazwa hauondoki tena. Ningenunua hivi: matandazo (vitu vya kufunika udongo, kama mabua au magome) kwanza, mboji ya pili, kokoto ya tatu, na udongo pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

1. Matandazo

Yanastahili nafasi ya kwanza kwa sababu yanafanya kazi kadhaa kwa mpigo. Yanakinga udongo dhidi ya jua ili maji yasikauke haraka, yananyima magugu mwanga, yanapunguza kishindo cha matone ya mvua yasiugandamize udongo, na yakioza yanaulisha. Ardhi ambayo mwenyewe ameikatia tamaa mara nyingi hubadilika baada ya kufunikwa misimu kadhaa, bila hata toroli moja la udongo wa kununua.

Kwa miti, vichaka na maua ya kudumu, chaguo langu ni matawi yaliyosagwa au magome ya miti. Vipande vyake ni vikubwa, hewa inapita, na huoza polepole. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8. Kwa mboga na mimea ya msimu mmoja, mabua makavu ya nafaka yanafaa zaidi kwa sababu huoza upesi na ni mepesi kusogeza wakati wa kupanda. Usiyachanganye na nyasi za malisho: hizo huja na mbegu zake, nawe utakuwa umelipia magugu. Majani yaliyokatwa uwanjani ni mazuri pia ila yawekwe membamba, sentimita 2 au 3, yakauke kabla ya kuongeza mengine. Yakirundikwa mabichi hugandana na kutoa uvundo.

Maganda na pumba za mazao ni nzuri ukizipata, lakini pumba nyepesi hupeperushwa na upepo, hivyo zimwagilie maji mara tu unapomaliza kuzitandaza. Mwenye mbwa aepuke maganda ya kakao, kwani yana sumu kwa mbwa na harufu yake huwavutia.

Unga wa mbao nauweka chini katika kundi hili. Ukiuchanganya na udongo ukiwa mbichi, vijidudu vinavyouozesha huchukua naitrojeni iliyomo ardhini na mimea hugeuka manjano. Juu ya udongo madhara ni madogo, ila ukiwa mnene hushikamana na kuzuia maji. Wa mwisho kabisa ni vipande vya mbao vilivyotiwa rangi. Tatizo si rangi sana kama asili ya mbao: nyingine ni mabaki ya ujenzi, na mbao za zamani zilizotiwa dawa zinaweza kuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Muuzaji asipojua zimetoka wapi, ziache.

Kabla ya kulipa, ingiza mkono ndani ya lundo unuse. Harufu ya siki au ya amonia ina maana kwamba limekosa hewa, na matandazo ya aina hiyo yanaweza kuunguza miche. Wakati wa kutandaza, acha sentimita 10 hivi kuzunguka shina. Kile kilima kinachorundikwa kwenye shina la mti huozesha gome, ingawa watu wanakipenda kwa sura. Karibu na ukuta acha sentimita 15 hadi 30 wazi, ili njia za mchwa zionekane mapema zikianza kupanda.

2. Mboji

Inahitajika kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sentimita 2 hadi 5 zikichanganywa na udongo wa juu kwa kina cha sentimita 15 zinatosha kitalu kipya. Mboji iliyoiva hunukia kama ardhi baada ya mvua, haina joto katikati, na huwezi kutambua ilitokana na nini. Kama ina samadi, ijaribu kwanza: panda maharage katika mkebe wa mboji hiyo iliyochanganywa na udongo, mengine katika udongo mtupu. Baada ya wiki 2 au 3, yale ya mboji yakiwa na majani yaliyojikunja, huenda ina mabaki ya dawa ya kuua magugu.

3. Kokoto

Kokoto ni ya njia, maegesho na kando ya ukuta ambapo maji ya paa yanadondoka. Kwa njia nunua iliyopondwa, yenye kona, ya milimita 10 hadi 20, na uiweke unene wa sentimita 5 juu ya kitambaa kinachopitisha maji. Kona zake hukamatana. Mawe ya mviringo ya mtoni yanapendeza, lakini huteleza chini ya mguu na chini ya tairi. Maegesho yanahitaji msingi ulioshindiliwa kabla ya tabaka la juu.

Sipendekezi kokoto kama kifuniko cha kitalu cha maua. Huhifadhi joto, hailishi udongo, na majani yakidondoka juu yake huoza yakawa makao ya magugu. Kokoto ya mawe ya chokaa hupunguza asidi ya udongo, jambo baya kwa mimea inayopenda asidi. Wala usiweke kokoto chini ya chungu cha maua ili maji yatoke vizuri: maji hukwama juu ya tabaka hilo na kuisogelea mizizi.

4. Udongo wa juu

Nunua unapojaza vitalu vya kuinuliwa, au pale ambapo ujenzi umekwangua ardhi hadi kwenye udongo mgumu wa chini. Uliza ulichimbwa wapi, kisha ukauone. Vunja mabonge utafute vinundu vya gugu la ndago, maana hivyo vikiingia utaishi navyo. Weusi pekee si ushahidi wa rutuba. Tia udongo na maji katika chupa, tikisa, uiache: mchanga hutuama ndani ya dakika moja hivi, tope laini baada ya saa chache, udongo wa mfinyanzi baada ya siku nzima au zaidi. Mfinyanzi ukizidi, usijaribu kuurekebisha kwa mchanga kidogo. Utapata kitu kigumu kuliko ulichokuwa nacho. Mboji ndiyo dawa.

Lainisha ardhi ya zamani kabla ya kumwaga udongo mpya, la sivyo maji yatatuama kati ya tabaka hizo mbili. Usifukie mizizi ya mti mkubwa.

Kiasi cha kuagiza

Zidisha urefu, upana na unene, vyote kwa mita. Kitalu cha mita 4 kwa 5 chenye matandazo ya sentimita 6 kinahitaji mita 1.2 za ujazo. Udongo ongeza sehemu moja kwa kumi, kwani hushuka, na uununue kwa ujazo badala ya uzito, maana ukilowa unalipia maji. Kokoto ikiuzwa kwa tani, hesabu mita 0.6 hadi 0.7 za ujazo kwa kila tani. Tandika turubai kabla lori halijafika.