Uzoefu wangu: jiwe la figo lililovunjwa kwa leza, na mpira ambao sikuambiwa habari zake

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Dodoma, na kwa miaka mingi nilizoea kushinda kutwa na vikombe viwili vya chai, kwa sababu mwenye vipindi mfululizo hapati nafasi ya kwenda msalani. Mwaka jana jiwe la milimita 8 lilikwama kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figo ya kushoto kwenda kibofuni, nikatibiwa kwa leza katika hospitali moja kubwa. Huduma yenyewe naisifu, na ikinilazimu nitairudia. Hata hivyo yapo mambo mawili, moja la kabla ya matibabu na jingine la baada yake, ambayo kama ningeyajua mapema yangeniokolea fedha na mateso mengi.

Maumivu yalinianza saa tisa usiku, ubavuni kuelekea mgongoni, kisha yakashuka hadi kwenye kinena. Maumivu haya hayana mkao: nilikaa, nikasimama, nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, nikatapika, na hakuna lililosaidia. Kwenye zahanati niliyokimbilia walipima mkojo, wakaona damu, wakaniambia nina U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa dawa za siku saba. Maumivu yalipotulia niliamini nimepona, kumbe yalikuwa yamepumzika tu. Yaliporudi nilipewa dawa nyingine za aina ileile, na hivyo zikapita wiki tano bila mtu yeyote kutaja neno jiwe. Sikuwa na homa hata siku moja, na maumivu yalikuja kwa vipindi, yakipanda na kushuka. Leo najua kwamba dalili hizo zikiambatana na damu kwenye mkojo zinatosha kabisa kumfanya mtu aombe picha.

Picha yenyewe nayo ina aina zake. Altrasaundi ilionyesha figo imetanuka kwa mkojo uliokwama, lakini jiwe halikuonekana, kwa kuwa sehemu kubwa ya mrija hufichwa na hewa ya utumbo. Lililomaliza ubishi ni siti skani isiyohitaji dawa ya kuchomwa mshipani. Daktari bingwa aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu, akaweka ncha ya kalamu kwenye doa jeupe dogo kuliko punje ya mahindi, akasema, “Mwalimu, huyu ndiye mgeni wako.” Kisha akanieleza kwamba kinachouma zaidi si jiwe kukwaruza, bali mkojo kuzuiwa hadi mrija na figo vikatanuka. Maelezo hayo ya dakika kumi nayahesabu kuwa sehemu bora ya huduma yote.

Aliniambia pia kwamba mawe yasiyofika milimita 5 mara nyingi hutoka yenyewe kwa maji, dawa ya maumivu na subira, lakini langu lilikuwa limekaa muda mrefu na figo ilikuwa imeanza kuelemewa. Kulikuwa na njia ya kulipasua kutoka nje ya mwili kwa mawimbi ya mshtuko, iliyotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Kwa jiwe lililoshuka chini kama langu, alipendelea kuingia na kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo na kulivunja kwa leza, bila kuchana ngozi. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, nikabaki macho, na muda wote nikasikia mlio mdogo wa kugongagonga, kama kucha juu ya sahani. Kesho yake niliruhusiwa kurudi nyumbani.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu. Baada ya leza mara nyingi huachwa stenti, mpira mwembamba unaoanzia kwenye figo na kuishia kibofuni, ili uvimbe usizuie mkojo kupita. Mimi nilikuja kufahamu habari zake nyumbani, nilipoona mkojo mwekundu, nikajikuta nakimbilia choo kila baada ya nusu saa, na ubavu ukivuta kila nikikojoa. Nilidhani nimeharibiwa. Muuguzi niliyempigia simu alinituliza: hayo ni ya kawaida mpira ukiwa ndani, ila homa au kutetemeka kwa baridi ni jambo la kurudi hospitali usiku huohuo. Maneno hayo yangetosha kwenye nusu karatasi. Kibaya zaidi, fomu yangu ya kuruhusiwa haikuwa na tarehe ya kuutoa. Mpira ukisahauliwa kwa miezi huota mawe juu yake na kugeuka ugonjwa mwingine, kwa hiyo anayekwenda kufanyiwa huduma hii asiondoke wodini bila tarehe iliyoandikwa. Wangu ulitolewa baada ya wiki mbili, kwa ganzi ya jeli na dakika chache tu.

Vipande vya jiwe, rangi ya sukari guru, vilipelekwa maabara na majibu yakawa kalsiamu oksaleti, aina inayowapata watu wengi kuliko nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuacha maziwa kwa kusikia neno kalsiamu, na daktari akanirudisha kwenye maziwa, kwa sababu kalsiamu ya chakula huishika oksaleti, kemikali iliyomo kwenye vyakula kama mchicha na karanga, ikiwa bado tumboni kabla haijafika kwenye figo. Alichonipunguzia ni chumvi, na mchicha na karanga ambazo nilizila karibu kila siku. Maji ninayokunywa yanatakiwa kutoa mkojo usiopungua lita 2 na nusu kwa siku, kipimo kigumu kwenye jua la Dodoma, kwa hiyo chupa mbili za lita moja na nusu huingia nami darasani, nami nimemwomba mwalimu wa taaluma aniachie nafasi kati ya vipindi.

Bima ililipia upasuaji na kitanda. Stenti niliinunua mwenyewe, jambo la kuulizia mapema dirisha la malipo. Altrasaundi ya miezi mitatu imeonyesha figo imerudi katika ukubwa wake, na ya mwaka mmoja nimepangiwa mwezi ujao.