VS Code na michakato yake ya chinichini: ipi ya kuua, ipi ya kuacha

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunaichambua VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, ila hatugusi mandhari wala rangi. Tunaangalia kitu kinachowatia watu hofu wakifungua Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazofanya kazi: wewe umefungua dirisha moja tu, lakini kompyuta inakuonyesha Visual Studio Code kumi na kitu zinazofanya kazi kwa pamoja. Je, ni virusi? Je, programu ni mbovu? Na ukiua mmoja kati ya hiyo, unapoteza nini?

Tuanze na sababu, kwa sababu ukiielewa hiyo nusu ya hofu inaisha. VS Code imejengwa juu ya Electron, mfumo wa kuundia programu za kompyuta kwa teknolojia za wavuti, yaani ndani yake kuna Chromium, injini ileile ya kivinjari cha Chrome, pamoja na Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Chromium tangu mwanzo hugawa kazi katika michakato mingi, ili kimoja kikianguka vingine vibaki hai. Kwa hiyo kuna mchakato mkuu, kuna wa kila dirisha, kuna wa kuchora picha kwa kutumia GPU (kichakato cha picha), kuna unaoendesha viendelezi (extensions, vifaa vya ziada unavyoongeza), kuna unaoshika terminali (dirisha la kuandikia amri), na kuna unaochunguza mabadiliko ya faili. Kumi na kitu ni hali ya kawaida. Microsoft wenyewe wanaandika kwamba RAM ya GB 1 inatosha kuiendesha. Sawa, inatosha kwa kihariri kitupu. Ukishaweka Python, Java na TypeScript juu yake, hesabu hiyo isahau.

Sasa, kosa la kwanza ni kutumia Task Manager kuamua nani auawe. Kwenye Windows majina yote yanafanana, kwenye Mac utaona Code Helper nyingi tu. Tumia kifaa cha VS Code yenyewe: nenda kwenye menyu ya Help, chagua Open Process Explorer. Hapo kila mchakato una jina la kazi yake, CPU inayotumia, kumbukumbu kwa MB na PID, yaani namba yake ya utambulisho. Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mstari, unapata Kill Process. Kama dirisha limeganda kiasi kwamba menyu haifunguki, fungua terminali ya nje na uandike code --status. Inakupa mti mzima wa michakato, na chini yake hesabu ya faili zilizomo kwenye folda uliyofungua. Hesabu hiyo isome kwa makini, maana mara nyingi ugonjwa wenyewe uko hapo: mtu amefungua folda yake nzima ya nyumbani, yenye picha, video na miradi yote, badala ya folda ya mradi mmoja.

Jambo moja kuhusu safu ya kumbukumbu: usijumlishe mistari yote ukapiga kelele kwamba programu inakula RAM kuliko uliyonayo. Sehemu ya kumbukumbu hutumiwa kwa pamoja na michakato kadhaa, na inaweza kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Angalia mstari mmoja mmoja, na uangalie unapanda au umetulia.

Mstari unaosumbua kuliko yote ni wa extensionHost, mchakato unaoendesha viendelezi. Kwa kawaida viendelezi vyote vya dirisha moja hupanda daladala moja. Abiria mmoja akianza kugombana na konda, wote mnasimama. Ndiyo maana unaweza kuandika herufi bila shida, dirisha halijaganda, lakini mapendekezo ya msimbo hayaji na kupanga msimbo ukihifadhi kunachukua sekunde nyingi. Usikimbilie kuzima kompyuta. Bonyeza Ctrl+Shift+P kufungua kisanduku cha amri, andika Developer: Restart Extension Host. Faili zako zinabaki wazi, terminali haiguswi, viendelezi peke yake ndivyo vinavyoanza upya.

Lakini huko ni kutuliza maumivu tu. Kumtafuta mkosaji kuna njia mbili. Ya haraka ni Developer: Show Running Extensions, inayoonyesha kila kiendelezi kilichowaka na milisekunde kilizotumia kuwaka. Ya uhakika ni Help: Start Extension Bisect. Hii ni nzuri sana na watu wengi hawaijui. Inazima nusu ya viendelezi, inakuuliza tatizo lipo au limeisha, kisha inagawa tena nusu iliyobaki, mpaka kinabaki kimoja. Ukiwa na viendelezi 32, unajibu swali mara tano hivi na jina unalo. Mkosaji akipatikana si lazima umfute. Bofya kiendelezi na uchague Disable (Workspace), kizimwe kwenye mradi huo tu. Mradi wa PHP hauna sababu ya kubeba vifaa vya Java.

Na Java tuiseme wazi. Kiendelezi chake cha lugha huwasha JVM nzima (mashine inayoendesha programu za Java) pembeni, mchakato unaoitwa java, na ndani ya dakika za mwanzo unasoma mradi wote. Muache amalize. Ukimuua katikati, akiwaka anarudia kusoma, na wewe umejiongezea kazi. Kwenye mashine ndogo fungua mpangilio wa java.jdt.ls.vmargs ubadilishe thamani ya -Xmx, yaani kikomo cha kumbukumbu, kwa mfano -Xmx1G. Badilisha sehemu hiyo tu, usifute maneno mengine yaliyomo, kwa sababu yapo kwa kazi maalumu.

Upande wa JavaScript na TypeScript utaona tsserver, mchakato unaouelewa msimbo wako na kukupa mapendekezo, na mara nyingi ni miwili. Hiyo imekusudiwa: mmoja unashughulikia sintaksia (muundo wa msimbo) ili upate majibu ya haraka, mwingine unachambua mradi wote. Kunaweza kuwa na wa tatu, typingsInstaller, unaopakua maelezo ya aina za maktaba. Kikomo cha kumbukumbu cha tsserver kwa kawaida ni MB 3072. Watu wenye RAM ndogo hukishusha sana, halafu wanashangaa mchakato unaanguka kila baada ya muda. Shida si kikomo. Shida ni kwamba umempa faili nyingi mno. Weka faili ya mipangilio ya mradi, tsconfig.json, au jsconfig.json kwa mradi wa JavaScript, na kwenye sehemu ya exclude utaje folda za dist na build. Kisha ukiwa umefungua faili ya .ts au .js, tumia amri ya TypeScript: Restart TS Server. Usipofungua faili ya aina hiyo, amri hiyo haionekani kabisa, usidhani imeondolewa.

Ukikuta rg inapandisha CPU, hiyo ni ripgrep, injini ya kutafuta. Inatakiwa ifanye kazi ndani ya sekunde chache na kuondoka. Ikibaki muda mrefu, kuna uwezekano mkubwa inafuata viungo vya folda (symlinks) vinavyozunguka. Kwenye mipangilio ya VS Code weka search.followSymlinks kuwa false, umemaliza.

Mchunguzi wa faili, fileWatcher, anawahusu zaidi watumiaji wa Linux. Linux inatumia inotify, sehemu ya mfumo inayotoa taarifa faili ikibadilika, na kila folda inayochunguzwa inachukua nafasi yake kwenye kikomo cha mfumo. Kikomo kikijaa VS Code inakutangazia kwamba haiwezi kufuatilia mabadiliko. Soma kikomo chako kwa amri ya cat /proc/sys/fs/inotify/max_user_watches. Ukiona 8192, ni kidogo kwa mradi wenye node_modules, folda ya maktaba za JavaScript. Ongeza kwenye /etc/sysctl.conf mstari fs.inotify.max_user_watches=524288, kisha sudo sysctl -p. Kila nafasi inayotumika huchukua baiti 1080 hivi, kwa hiyo zikijaa zote ni karibu MB 540. Kwenye mashine ya GB 4 hiyo si pesa ndogo! Ni bora kwanza uweke node_modules na build kwenye files.watcherExclude, halafu ndipo uongeze kikomo kama bado kuna haja. Hasara ya kuziweka humo ni kwamba mabadiliko yanayofanywa ndani ya folda hizo na programu nyingine hutayaona papo hapo.

Sasa terminali, ambako malalamiko ya mlango (port, namba ambayo seva husikilizia) kutumika hutokea. Unaendesha seva, unafunga paneli kwa alama ya X, unafungua nyingine, unaambiwa EADDRINUSE, yaani mlango tayari unatumika. Ile X huficha paneli tu, seva inaendelea. Kinachoua ni alama ya pipa la taka, au Ctrl+C ndani ya terminali. Na tafadhali, kwenye Linux na Mac usichanganye na Ctrl+Z. Hiyo inasimamisha seva bila kuifunga, na mlango bado imeushika. Andika fg uirudishe, kisha Ctrl+C.

Kama terminali yenyewe imeshapotea, kwenye Linux na Mac andika lsof -i :3000 (kama mlango wako ni 3000), chukua PID, halafu kill na namba hiyo. Anza na kill ya kawaida, ili seva ipate nafasi ya kufunga faili na hifadhidata vizuri. Kill -9 ni ya mwisho, inakata bila taarifa. Windows ni netstat -ano | findstr :3000, PID iko mwisho wa mstari, kisha taskkill /PID ikifuatiwa na namba, pamoja na /T /F. Hiyo T inaua na watoto wa mchakato. Bila hiyo npm inaweza kufa huku node ikibaki.

Kwa wenye kutumia bando la simu: VS Code ikikuuliza kama iwe inafanya git fetch (kuvuta taarifa za mabadiliko ya msimbo kutoka mtandaoni) yenyewe kila mara, ukikubali, muda wake wa kawaida ni kila sekunde 180. Weka git.autofetch kuwa false, na extensions.autoUpdate pia, usasishe ukiwa kwenye Wi-Fi.

Uamuzi wangu: kwa RAM ya GB 8 ni chombo kizuri, fungua dirisha moja au mawili na viendelezi vya mradi husika. Kwa GB 4 inafaa kwa HTML, PHP na Python ndogo. Java na kivinjari vikiwa wazi pamoja nayo, sikushauri. Na wanaotumia Remote-SSH, kiendelezi cha kufanya kazi kwenye seva ya mbali, kumbuka kwamba ukifunga kompyuta yako, huko kwenye seva kunaweza kubaki michakato inayoendeshwa kutoka ~/.vscode-server. Kwenye VPS (seva ya kukodi) ndogo ya GB 1 hiyo inatosha kuibana hifadhidata yako. Amri ni Remote-SSH: Kill VS Code Server on Host, chagua seva, na uhakikishe kwa ps aux | grep vscode-server.