Begi la turubai, kitanda cha juu na mifarishi 7: kutoka Ujiji hadi Sabasaba

Nianze na begi, maana ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Limeshonwa na fundi turubai mmoja pale Kibirizi, Kigoma, kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni vifuniko vya mizigo ya maboti yanayovuka ziwa. Nilimkuta amekaa juu ya turubai la bluu, dole gumba la mguu limebana ncha, anapitisha sindano ya magunia. Nikamwambia nataka begi refu kunizidi mimi. Akauliza, "La kubebea nini, mama?" Nikasema mifarishi. Neno halikumwambia kitu, basi nikamkunjulia mmoja pale pale. Akautazama, akainuka akaenda ziwani kunawa mikono, akarudi ndipo akaushika. Nikajua hapa nimefika kwa mtu.

Mfarishi ndilo jina alilotumia bibi yangu Ujiji. Wengi siku hizi wanasema blanketi la viraka. Una matabaka matatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati ujazo, chini kitambaa cha mgongo, na yote matatu yanashikanishwa kwa bandi ndogo ndogo za mkono kutoka upindo hadi upindo. Bibi alijaza sufi. Mimi naweka blanketi jepesi lililochakaa, kwa sababu sufi ikifuliwa mara mbili inakimbilia pembeni na kuacha katikati patupu. Vipande nachukua kwa mafundi cherehani wa Mwanga, mabaki ya vitenge vya Kongo wanavyovifagia jioni. Mfarishi mmoja wa kitanda cha futi tano unanichukua miezi miwili, na kidole cha kati bila subana hakimalizi hata wiki.

Nimekwenda Sabasaba, yale maonesho ya biashara ya Dar es Salaam, mara tatu. Mara ya kwanza nilikunja kila kitu, nikajaza kwenye viroba viwili na kupanga juu ya meza kama wanavyopanga mashuka sokoni. Watu walipita. Waliosimama waliniuliza kama ni mtumba. Mama mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, nitakupa elfu ishirini na tano, blanketi jipya Kariakoo nalipata kwa hiyo hiyo." Hakuwa na kosa. Alichokiona yeye ni mraba mmoja wa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Mara ya pili niliuguliwa na mtoto, nikatuma mzigo kwa basi utangulie. Kampuni siitaji. Mzigo wangu ulipangwa chini ya madumu ya mawese, dumu moja likavuja njia nzima. Mifarishi miwili ilifika ina madoa ya rangi ya chungwa yaliyopenya matabaka yote matatu. Mwanamke wa Kigoma anajua dawa ya mawese: sabuni ya mche, kisha jua. Nikaianika siku tatu. Doa likafifia kweli, lakini jua lile lile likaondoka na bluu ya kitenge, bluu niliyoitafuta tangu Februari. Sikulipwa hata shilingi. Ninayo mpaka leo, tunalalia nyumbani.

Baada ya hapo nilikaa mwaka mzima bila kwenda popote, nikawa natazama kwenye simu wenzetu wa nchi nyingine wanafanyaje. Kuna maonesho makubwa ya mifarishi peke yake, hakuna kingine kinachooneshwa humo. Houston, Marekani, wanafanya kila mwaka majira yao ya vuli kwenye ukumbi wa George R. Brown. Uingereza wana lao kila kiangazi huko Birmingham. Wanawake wanapanga safari ya kwenda huko mwaka mzima kabla, wanakata tiketi za ndege, wanachukua vyumba karibu na ukumbi, na wanaacha nafasi kwenye sanduku kwa vitambaa watakavyonunua.

Nilichokitazama zaidi ni jinsi mfarishi unavyowekwa. Haukunjwi. Unaning'inia ukutani kama picha. Nyuma, kwenye upindo wa juu, wanashona mfuko mrefu wa kitambaa wenye upana wa inchi 4, ulio wazi pande zote mbili, unapitishwa fimbo kama pazia. Mgeni haruhusiwi kugusa. Akitaka kuona mgongo, yuko mtu amevaa glavu nyeupe anamgeuzia pembe.

Ndipo nikakutana na habari za Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto huko Alabama. Wanawake wa pale, wajukuu na vitukuu vya watumwa, walishona mifarishi kwa nguo za shamba zilizochakaa, magoti ya suruali na mikia ya mashati, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka 2002 mifarishi ile ile ikatundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaiweka kwenye stempu. Niliangalia picha moja kwa muda mrefu sana. Goti la suruali la bluu, limefifia katikati pale mtu alipopiga magoti, kingo bado zimekoza. Imening'inia, mwanga umeipiga, na kila bandi inaonekana. Nikasema, kumbe tatizo langu halikuwa bei, wala wanunuzi wa Dar. Nilikuwa nakunja.

Kwa hiyo safari ya tatu niliipanga kwa shabaha moja: mifarishi iondoke Ujiji haijakunjwa, ifike haijakunjwa, ining'inie. Kila kingine kikafuata hapo.

Sasa rudi kwa begi. Lina urefu wa sentimita 175. Ni bapa, linaingia mabomba mawili ya karatasi ngumu, yale yanayobaki dukani jora la kitambaa likiisha. Muuzaji wa vitambaa hukupa bure ukimwomba vizuri. Bomba moja nimezungushia mifarishi 4, jingine 3, uso wa viraka ukiangalia nje, kwa sababu ukiuweka ndani vipande vinabanwa na kufanya makunyanzi. Kati ya mfarishi na mfarishi nimelaza shuka jeupe kuukuu. Nailoni sitii, inafuga unyevu.

Turubai ni lile zito la maboti. Nililijaribu kwa ndoo mbili za maji uani na ndani halikuingia tone. Ila kilichonigusa ni bitana. Fundi mwenyewe, bila kuambiwa, aliweka kitambaa cha pamba, marekani, ambacho hakijatiwa rangi. Akanieleza, "Mama, turubai jipya linatoa bluu likipata joto. Nikikuachia wazi utanilaumu." Mikanda ya begani ameishona mara tatu, na pale inapokutana na turubai ameongeza kiraka cha ngozi. Nililipa 45,000. Kasoro moja: zipu iko kwenye kichwa cha begi, kwa hiyo ukitaka kutoa bomba lolote sharti livutwe lote, na kwenye chumba cha treni au banda lenye watu hiyo ni tabu. Zipu ilitakiwa ipite ubavuni.

Treni niliichagua kwa sababu ya urefu wa begi hilo. Kwenye basi lingeingia buti tu, na buti nimeshaikinai. Mimi na mpwa wangu tulikata daraja la pili kulala. Wanawake hukaa chumba chao, wanaume chao, vitanda sita kwa chumba. Nawashauri ombeni cha juu. Vya chini mchana vinakuwa viti vya wote, kuna chai, kuna watoto, kuna mfuko wa dagaa wa mtu. Cha juu hakiguswi na yeyote ila wewe. Begi nililisimamisha kwa ubavu ukutani, nikajilaza mbele yake kama mtu anayelala na mwanawe mchanga. Nafasi ilikuwa finyu, ila nililala.

Tulipandia stesheni ya Kigoma, jengo lile la Wajerumani, ambako reli ilifika mwaka 1914. Tiketi kata mapema sana, kwa sababu Juni shule zinafungwa na familia nzima zinasafiri. Ratiba iulize stesheni mwenyewe, usiisikie kwa watu. Beba shuka zito: Tabora usiku wa Juni kuna baridi inayoingia mifupani. Na funga dirisha mkianza kuingia nchi kavu ya Itigi na Manyoni, vumbi la kule ni jekundu na halina adabu na kitambaa cheupe.

Ukiwa na muda, treni inakupa kitu ambacho basi halikupi: mikono huru. Kati ya Uvinza na Kaliua nilimaliza kushona mifuko ya fimbo ya mifarishi miwili iliyobaki. Bibi mmoja wa Nguruka aliyekaa chini yangu aliniambia, "Lete huku nikushikie ncha." Tukashona pamoja mpaka jua likazama. Nilipompa shikamoo asubuhi akaniuliza kwanza habari ya mfarishi, kisha yangu. Tabora nilinunua asali, Saranda tukala kuku. Wengi wenye haraka walishuka Dodoma wakapande treni ya kisasa. Sisi na begi letu tukakaa hapo hapo hadi Dar, usiku mbili jumla. Mwenye siku chache za ruhusa kazini hii si njia yake. Mwenye mfarishi, sijaona nyingine.

Kulala Dar tulikuwa kwa mama mdogo, Mtoni. Ukiwa na ndugu upande wa Temeke, mshukuru Mungu na usiende Sinza, maana viwanja viko Barabara ya Kilwa na kubeba fimbo kwenye daladala asubuhi ni adhabu.

Maonesho yenyewe huanza tarehe 28 Juni hadi 13 Julai. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, mkoani ndiyo niliyopitia, na nilianza kuulizia nafasi mwezi Machi. Swali nililouliza kuliko yote lilikuwa urefu wa ukuta. Meza sikuitaka. Niliomba kona yenye chuma cha juu, nikapewa. Fimbo nilichongewa na seremala wa Gungu, nene inchi moja, nikazisugua kwa msasa mpaka zikawa kama mwiko wa zamani, mbao isije ikavuta uzi. Ndoano za chuma na kamba ya nailoni nilinunua huko huko.

Tulitundika mifarishi mitatu na kuacha mingine kwenye bomba. Mpwa wangu akavaa glavu nyeupe. Siku ya kwanza, kabla ya saa nne, alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, hakusema neno. Akaangalia kutoka juu mpaka chini, akasogea, akarudi nyuma. Kisha akauliza, "Hiki kipande cha samaki, ni kitenge cha miaka ile?" Ndiyo, ni cha mama yangu, nilimwambia, alikivaa harusi ya kaka. Binti akamgeuzia pembe aone bandi za nyuma. Hakuuliza mtumba. Hakuuliza blanketi jipya ni kiasi gani. Aliuliza ni mikono ya nani.

Tuliuza mitano, wa bei ya juu kwa 180,000, wote katika siku za mwanzo na za katikati ya wiki. Tarehe 7 Julai ni sikukuu, watu ni wengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kurudi nyuma hatua mbili autazame mfarishi, na mfarishi bila zile hatua mbili ni vipande tu. Siku hiyo tulishusha miwili, tukaacha mmoja juu sana, kazi yetu ikawa kugawa namba ya simu. Kama una siku chache, nenda siku tano za kwanza. Jioni fungeni kila kitu na kirudi kwenye bomba, kwa sababu ya vumbi la miguu na moshi wa mishikaki.

Kwa upande wa vitambaa, siku moja nzima niliitenga kwa Mtaa wa Uhuru. Nilirudi na doti nne za kanga na jora dogo la marekani kwa ajili ya migongo. Naomba msije mkafanya kosa la kuacha siku hiyo iwe ya mwisho, mtakuwa mmechoka na mtanunua rangi zisizokubaliana.

Alama: treni, kwa kazi hii, nairudia bila kusita. Begi nalipatia tisa kwa kumi, na ile moja ni zipu. Nilirudi Kibirizi juzi nikiwa na mchoro. Fundi aliuweka juu ya goti, akauliza mifarishi ya mwaka huu ni mingapi, nikasema kumi. Akapima hewani kwa mikono yake miwili. La pili litakuwa sentimita 180, zipu inapita ubavu mzima na kufunikwa na ulimi wa turubai ili mvua isipenye. Nimeacha 20,000 ya mwanzo, na marekani ya bitana nimempelekea mwenyewe.