Nililipa ada ya kujifunza kushona, nikalishwa masimango

Kama hujawahi kugusa cherehani na unatafuta pa kujifunzia, soma hapa kabla hujatoa hela.

Jina la darasa silitaji. Lipo Kariakoo, ghorofani, si mbali na maduka ya khanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru. Tangazo lao linasema wasiojua kabisa wanakaribishwa. Maneno hayo ndiyo yaliyonivuta, na ndiyo yanayonikera mpaka leo.

Mwanzo ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Tulianza bila uzi, tunashona karatasi ya daftari kwa kufuata mistari yake, ili mguu uzoee kukanyaga na gurudumu lizunguke kuja upande wako. Likirudi kinyume, ukishaweka uzi, unajisokota na kukatika. Zoezi hilo nampa maksi zote aliyelipanga.

Balaa lilikuja siku ya kupinda khanga. Unakata doti katikati, ukingo uliokatwa unaukunja mara mbili, mkunjo mwembamba, unaupitishia kucha ulale, ndipo unaupeleka kwenye sindano. Nilipewa Butterfly nyeusi ya kukanyaga, ambayo mtu wa zamu ya asubuhi aliiacha imeshatungwa uzi. Ikashona urefu wa kidole, ikakwama. Kugeuza khanga, chini uzi umejikusanya fundo zima. Nikakata, nikaanza upya, yale yale. Nikamwita mwalimu.

Mwalimu hakuitazama hata hiyo cherehani. Aliinyanyua khanga yangu juu darasa zima waione, akasema, "Dada, huu mkono wako ni wa kusongea ugali, siyo wa kushonea." Baadhi wakacheka. Nikamwambia kwa adabu, "Samahani mwalimu, naomba unionyeshe tatizo liko wapi." Akajibu, "Nilishafundisha. Sirudii kwa ajili ya mtu mmoja." Akarudi kwenye simu yake.

Mimi ni mtu mzima. Ada ile niliitoa kwenye mtaji wa biashara yangu, na sikuipeleka pale ili nigeuzwe kichekesho.

Aliyenisaidia ni fundi mzee anayeshona barazani, chini ya jengo hilohilo. Nilishuka nikamweleza, huku natetemeka kwa hasira. Hakuacha hata kazi yake. "Mama, uzi ukijikusanya chini, wewe kagua juu." Akanionyesha kwenye cherehani yake vile visahani viwili vinavyoukaza uzi wa juu. Wakati wa kutunga, kile kiguu kinachobana kitambaa lazima kiwe kimenyanyuliwa, visahani viachane, uzi uzame katikati yake. Kikiwa kimeshushwa, visahani vinabaki vimebanana, uzi unapita nje, hakuna kinachoukaza, na chini ndiko unakojaa. Nikapanda juu, nikanyanyua kiguu, nikatunga upya. Khanga ikapindika mstari mmoja, safi, mpaka mwisho. Kumbe ni jambo la dakika moja! Mwalimu mwenye ada yangu mfukoni alishindwa nini kulisema?

Nilipanga kuandika kwamba pale hapafai kabisa. Lakini yupo msaidizi wake, binti mpole, anakaa pembeni yako na anarudia hata mara ngapi. Ndiye aliyenifundisha kuweka lastiki na zipu, na sketi niliyoshona mbele yake naivaa mpaka kazini, watu wananiuliza fundi wangu nani. Kwa hiyo kusema hawafundishi nitakuwa namwonea yule binti. Ukibahatika kuwa zamu yake, nenda.

Hapana, bado roho inakataa. Kulikuwa na mama mwenzetu aliyekaa karibu na dirisha, naye uzi wake ulikuwa unakatika kila mara, na baada ya kuona nilivyofanyiwa hakuthubutu kuuliza kitu. Hakurudi tena. Alikuwa amelipa yote, na sijasikia kwamba amerudishiwa chochote. Alitaka kuwashonea wanawe sare za shule mwenyewe. Msaidizi mwema hawezi kunifutia hilo.

Mimi nimehamia barazani kwa yule mzee. Hana cheti cha kukupa, na jua la mchana linatuwakia, ila swali anajibu. Mwenye shida ya cheti akienda kule ghorofani, aulize kwanza nani atamfundisha, na asilipe ada yote kwa mkupuo.